Upungufu

Kiwanda cha barafu cha Langoni kilifungwa
tajiri alipohamia Mombasa.
Mlango ukatiwa kufuli, kufuli ikaliwa na chumvi,
na tangi la dizeli likabaki chini ya ua
kama deni la marehemu ambalo hakuna mrithi anayelitaja.

Lilianza kuvuja lilipokuwa bado na kazi.
Hili nalijua kwa sababu ya fimbo.

Baba alikuwa na fimbo ya mkoko, ndefu kumpita,
imekatwa alama ubavuni.
Kila Jumamosi aliitumbukiza, akaitoa,
akasoma pale unyevu ulipokoma.
Kila Jumamosi vidole viwili vilikosekana,
vidole viwili ambavyo mashine haikuvinywa.
Tajiri akamwambia: Andika mvuke.
Na baba, aliyekuwa na mwandiko mzuri wa chuoni,
akaandika mvuke, kwa wino wa buluu,
Jumamosi baada ya Jumamosi, miaka kumi na mmoja.

Mvuke hupanda.
Huu ulishuka.

Ulipita mchanga, ulipita vigae vya vyungu vya watu tusiowajua,
ukafika pale maji baridi yanapoelea juu ya maji ya chumvi
nao ukajilaza juu ya yote mawili
kama utando juu ya chai iliyosahauliwa.

Somoe binti Shee, ukuta kwa ukuta nasi, ndiye aliyejua kwanza.
Alivuta ndoo ya kutawadhia, alfajiri,
akasimama nayo.
"Mai haya yanuka taa."
Wakamwambia ni uzee wa pua.
Hakubishana. Akafunika kisima kwa sinia la harusi yake,
akaanza kununua maji ya madumu.

Sasa tunachimba.
Kadzo, mtaalamu wa udongo, mzaliwa wa Ganze,
ana kipimo cha betri, lakini huiamini zaidi pua yake:
huteka konzi ya mchanga, huufinya, hunusa, husema, "Bado."
Mita ya kwanza, mweupe. Ya pili, kijivu.
Ya tatu ulitoka mweusi, unang'aa,
na harufu yake ilikuwa ovaroli ya baba saa kumi na moja jioni.
Nikakaa chini ukingoni, mtu mzima mimi,
maana kwangu hiyo ni harufu ya kubebwa.

Tangi lilipoinuliwa tulitafuta tundu kwa tochi.
Kidole changu cha mwisho hakikupita.

Punda kumi na wanne wanahamisha magunia hadi nje ya mji.
Huko tunautandaza udongo juu ya turubai, kama mpunga,
tunauchanganya na machicha ya nazi na samadi
(punda hapa wanafanya kazi mbili,
moja kwa mgongo, nyingine bila kuombwa).
Vijidudu visivyoonekana, asema Kadzo, vitakula mafuta
ukivipa hewa, maji kidogo, na kuviacha.
"Mpaka lini?"
"Huu wa turubai, mwaka, ukijaliwa.
Kisima, usiniulize."

Nimepewa kazi ya kugeuza na kuandika.
Ni kila Jumamosi, sikuichagua mimi siku hiyo.
Daftari lina safu zilezile:
tarehe, kipimo, kilichobaki, upungufu.
Safari hii upungufu ndio tunaoutafuta,
na mkono wangu bado huona haya kuuandika.

Usiku nimelitoa daftari lake sandukuni.
Wino haujafifia.
Pembeni mwa mvuke wa kwanza, kwa mwandiko wangu mbovu,
nimeandika: tundu.
Kisha wa pili.
Ziko Jumamosi mia tano na zaidi,
na kalamu hii sidhani itafika.

Asubuhi Somoe amefunua sinia,
amevuta ndoo, ameinamisha uso.
Sote tumenyamaza, hata Kadzo na kipimo chake.
Amemwaga maji mchangani, polepole, mbali na mlango.
Sinia amelirudisha.
Lakini jiwe lililokuwa juu yake
amelishika mkononi, akaingia nalo ndani.